Neva ya Njia Ndefu: Kupooza kwa Nyuzi za Sauti

Sauti inapokauka kwa siku mbili tatu, watu wengi hawaoni haja ya kumwona daktari, kwa kuwa mafua, vumbi, kelele za harusini na hotuba ndefu huikausha kisha ikarudi yenyewe, na chai ya tangawizi huhesabiwa kuwa tiba ya kutosha. Mara nyingi dhana hiyo haina kosa. Huwa na kosa pale ukavu unapodumu wiki baada ya wiki bila kupungua, kwa sababu miongoni mwa vyanzo vya ukavu wa namna hiyo kimo kimoja ambacho aghalabu hakitoki kooni: uzi mmoja wa sauti, au nyuzi zote mbili, umeacha kusogea kwa kuwa neva inayouamuru imeharibika mahali fulani kati ya ubongo, shingo na kifua. Hali hiyo huitwa kupooza kwa nyuzi za sauti. Haistahili kuhesabiwa kuwa ugonjwa unaojitegemea. Ni dalili, na ugonjwa wenyewe umejificha kwenye njia ya neva, hivyo kazi kubwa ya daktari ni kuifuata njia hiyo hatua kwa hatua mpaka aufikie.

Wanafunzi wa sekondari waliofundishwa kutofautisha sauti ghuna na sauti sighuna kwa kuweka vidole shingoni huku wakitamka z kisha s wamekwisha kuugusa mtetemo wa nyuzi hizo, ingawa vitabu vya lugha huishia hapo. Kwa kweli si nyuzi bali ni mikunjo miwili ya misuli iliyofunikwa na utando laini, nayo imo ndani ya zoloto, yaani kisanduku cha gegedu kilicho juu ya bomba la hewa, ambacho kwa wanaume hutokeza mbele ya shingo. Mbele mikunjo hiyo imeungana. Nyuma kila mmoja umeshikamana na kigegedu kidogo kinachozunguka kwenye kiungo chake, ndiyo maana zoloto linapotazamwa kutoka juu, nyuzi hufunguka kwa umbo la herufi V mtu anapovuta pumzi na hukutana katikati anaposema. Zikiwa zimekutana, hewa itokayo mapafuni huzitetemesha mara 100 hivi kwa sekunde kwa mwanamume na mara 200 hivi kwa mwanamke, na mtetemo huo, ukishapitia kinywani na puani, ndio sauti ya mtu.

Hata hivyo kusema ni kazi iliyokuja baadaye. Kazi ya kwanza ya nyuzi hizo ni ulinzi: kila mtu anapomeza, hufunga kwa nguvu, zikisaidiana na kidakatonge kilicho juu yake, ili chakula na maji visiingie mapafuni. Anapokohoa, hufunga kwanza, hewa ikajaa shinikizo chini yake, kisha hufunguka ghafla na kusukuma nje kilichoingia. Kwa hiyo uzi uliopooza hauharibu sauti peke yake, bali huyumbisha pia kumeza, kukohoa na, katika hali mbaya zaidi, kupumua.

Misuli yote inayofungua na kufunga nyuzi hizi, isipokuwa mmoja tu, huamriwa na neva iitwayo neva rejeshi ya zoloto, na jina hilo limetokana na njia yake ya ajabu. Ni tawi la neva ya kumi ya fuvu, vagasi, ambayo hushuka kutoka kwenye shina la ubongo, ikapitia shingoni sambamba na mshipa mkubwa wa damu uendao kichwani. Mtu angetarajia tawi la zoloto lichepuke hapo hapo shingoni, kwani zoloto liko karibu. Badala yake neva hulipita zoloto, hushuka hadi kifuani, huzunguka chini ya mshipa mkubwa wa damu, kisha hupanda tena katikati ya bomba la hewa na umio wa chakula mpaka inakotakiwa. Upande wa kulia mzunguko ni mfupi, kwa maana neva hupinda chini ya mshipa wa damu uendao mkononi. Upande wa kushoto hushuka zaidi, ikapinda chini ya tao la aota, mshipa mkuu utokao moyoni, na kupita kwenye nafasi finyu iliyojaa tezi za limfu kati ya aota na mshipa wa mapafu. Tofauti hii ya urefu ndiyo sababu uzi wa kushoto hupooza mara nyingi zaidi kuliko wa kulia.

Sababu ya mzunguko huo iko katika historia ya mwili. Katika kiinitete moyo hukaa karibu na shingo, na neva hupita nyuma ya mshipa wa damu kwa njia fupi. Moyo unaposhuka kifuani huvuta mshipa, nao mshipa huivuta neva. Kadiri shingo inavyorefuka ndivyo mzunguko unavyorefuka, na kwa twiga, mnyama aliye nembo ya Tanzania, neva hii ya kushoto husafiri mita kadhaa kushuka na kupanda ili kufika mahali palipo umbali wa sentimita chache tu kutoka ilipoanzia. Wanabiolojia hupenda kuutaja mfano huu wanapoeleza kwamba mageuko ya viumbe hurekebisha kilichopo, wala hayaanzi upya kwa ramani mpya. Daktari yeye huuona kwa jicho jingine: njia ndefu ina mahali pengi pa kuumizwa.

Kwamba neva hii ikiumia sauti hupotea, ni jambo lililojulikana tangu zamani. Katika karne ya 2 Galen, tabibu mzaliwa wa Pergamon aliyefanya kazi Roma, alionyesha hadharani kwamba nguruwe anayepiga kelele hunyamaza papo hapo neva hizi zikikatwa, akaeleza pia habari za wavulana waliopoteza sauti, nzima au nusu yake, baada ya matabibu kuwaondolea uvimbe wa shingoni bila kujua kilichopita ndani yake. Yaani chanzo cha kwanza cha kupooza kilichoandikwa kilikuwa mkono wa tabibu mwenyewe, na hadi leo upasuaji umebaki miongoni mwa vyanzo vikuu.

Upasuaji unaoongoza kwa hatari hii ni ule wa tezi ya shingo, kwa kuwa neva hupita mgongoni mwa tezi hiyo, mahali pengine ikiwa imeshikana nayo kabisa. Theodor Kocher wa Bern, Uswisi, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1909 kwa kazi yake juu ya tezi hiyo, aliusanifu upasuaji huo ukaacha kuwa wa kuua, lakini wapasuaji wengi baada yake waliamini kwamba usalama wa neva ni kukaa mbali nayo bila kuitafuta. Frank Lahey wa Boston aliipindua imani hiyo mwaka 1938 alipoonyesha kwamba neva iliyotafutwa kwa makusudi na kuonekana kwa macho huumizwa mara chache zaidi kuliko neva inayokwepwa kwa kubahatisha, na huo ndio utaratibu unaofundishwa sasa. Hata hivyo hatari haijaisha: kwa makadirio ya jumla, mgonjwa kama mmoja kati ya kumi hupata udhaifu wa uzi wa sauti kwa muda baada ya upasuaji wa tezi, na kwa wawili hivi kati ya mia udhaifu hudumu, ingawa takwimu hutofautiana sana kati ya hospitali na hospitali. Kwa Afrika Mashariki jambo hili lina uzito wake, kwa kuwa nyanda za juu, hasa za kusini mwa Tanzania, zilijulikana kwa rovu, uvimbe wa tezi unaotokana na upungufu wa madini joto, na ijapokuwa chumvi yenye madini hayo imepunguza rovu jipya tangu miaka ya 1990, wenye uvimbe wa zamani bado hufika vyumba vya upasuaji.

Msuli mmoja ulioachwa na neva rejeshi, ule unaovuta uzi ili sauti ipande juu, huamriwa na tawi jingine la vagasi lipitalo juu ya tezi. Tawi hilo likikatwa mtu husema vizuri lakini hawezi kufika noti za juu, hasara ambayo mkulima huenda asiitambue na mwimbaji wa taarab akaiona siku ya kwanza. Wapasuaji hulihusisha tawi hilo na jina la Amelita Galli-Curci, mwimbaji wa opera wa Italia aliyepasuliwa rovu Chicago mwaka 1935 na ambaye kwa miaka mingi ilisimuliwa kwamba kisu ndicho kilichommaliza. Wachunguzi wa baadaye wamekitilia shaka kisa hicho, wakieleza kwamba sauti yake ilikuwa imekwisha kushuka kabla. Upasuaji wa moyo, wa umio, wa uti wa mgongo kupitia mbele ya shingo, na hata mpira wa kupumulia unaopitishwa kooni wakati wa nusukaputi, vyote vinaweza kuleta madhara yale yale.

Kundi la pili la vyanzo, na ndilo linalopaswa kumtia daktari wasiwasi zaidi mgonjwa asiyewahi kupasuliwa anapomjia na sauti iliyokauka, ni magonjwa ya kifua. Saratani ya pafu la kushoto ikisambaa kwenye tezi za limfu zilizo chini ya tao la aota huikandamiza neva au huivamia, na si ajabu sauti ikabadilika kabla mgonjwa hajakohoa damu wala kukonda. Saratani ya umio hufanya hivyo hivyo, nayo ina mkanda wake maalumu unaoanzia Ethiopia, ukapita Kenya na Tanzania hadi Malawi, ambamo ugonjwa huu huonekana mara nyingi kuliko sehemu nyingi za dunia na huwapata hata watu wasiotimiza miaka 40. Kifua kikuu nacho, kwa kuvimbisha tezi za limfu au kwa kovu linalovuta kilele cha pafu, huweza kuinasa neva, na hapa kuna faraja kidogo, kwa kuwa baadhi ya wagonjwa hurejewa na sauti wakitumia dawa za kifua kikuu ipasavyo.

Moyo pia una sehemu yake. Mwaka 1897 Norbert Ortner, tabibu wa Vienna, alieleza habari za wagonjwa waliopoteza sauti kwa sababu ya kusinyaa kwa vali iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo. Yeye alidhani chumba cha juu kilichotanuka ndicho kinachoisukuma neva. Wengine baada yake waliona kwamba aghalabu ni mshipa wa mapafu uliovimba kwa shinikizo unaoibana neva dhidi ya aota. Katika nchi tajiri hali hii imekuwa nadra kiasi cha kuwa swali la mtihani, lakini mahali ambapo homa ya baridi yabisi ya utotoni bado huharibu vali za moyo, sauti iliyokauka kwa kijana anayechoka akipanda ngazi si swali la mtihani hata kidogo.

Vyanzo vingine vinaweza kupitwa kwa haraka: kiharusi kinachopiga shina la ubongo, magonjwa ya neva, baadhi ya dawa za saratani, majeraha ya shingo. Kwa watoto wachanga, wale waliozaliwa na mgongo wazi pamoja na kichwa kikubwa wanaweza kupooza nyuzi zote mbili kwa sababu sehemu ya chini ya ubongo imesukumwa chini na kuvuta neva za vagasi, na pumzi yenye mlio kwa mtoto wa namna hiyo ni jambo la dharura. Halafu wapo wagonjwa ambao kila kipimo hakionyeshi kitu. Kwao hushukiwa virusi vilivyoivimbisha neva baada ya mafua, na mfano unaojulikana ni wa Larry Page, mwanzilishi mwenza wa Google, aliyeeleza hadharani mwaka 2013 kwamba uzi wake wa kushoto ulipooza baada ya mafua makali miaka 14 nyuma, na kwamba mafua mengine yaliufuata uzi wa kulia ukabaki na mwendo mdogo. Jina la kitaalamu la kundi hili humaanisha tu kwamba chanzo hakijulikani, na mgonjwa hana budi kuwekwa humo baada ya uchunguzi, kamwe si badala ya uchunguzi.

Uzi mmoja ukipooza na kubaki kando, mwenzake hufika katikati usiukute, hewa ikavuja. Sauti huwa dhaifu, yenye pumzi nyingi. Z huelekea kusikika kama s. Mgonjwa huishiwa na pumzi kabla sentensi haijaisha, na hudhani mapafu yake yameumia kumbe hewa inapotea bure. Hupaliwa, na hupaliwa na maji zaidi kuliko ugali, kwa kuwa kimiminika hukimbia kabla mlango haujafungwa. Nyuzi zote mbili zikipooza, mambo hugeuka kwa namna inayowapotosha hata wahudumu wa afya: kwa kawaida hubaki karibu na katikati, kwa hiyo sauti inaweza kuwa nzuri kabisa, lakini mwanya wa hewa umebaki milimita chache, pumzi inaingia kwa mlio mkali, na mgonjwa huweza kutibiwa pumu kwa miezi mingi. Mlio wa pumu husikika zaidi mtu anapotoa pumzi. Mlio wa zoloto lililobanwa husikika anapoivuta ndani. Tofauti hiyo haihitaji mashine.

Uchunguzi huanza kwa masikio na saa. Mgonjwa huombwa avute pumzi nyingi kisha aseme “aaa” kwa muda awezao; mtu mzima mwenye afya hufikisha sekunde 15 au zaidi, na mwenye uzi uliopooza mara nyingi hafikishi hata 10. Baada ya hapo ni lazima nyuzi zionwe. Mtu aliyeonyesha kwamba inawezekana kuziona kwa mtu hai hakuwa daktari bali mwalimu wa kuimba, Manuel García, Mhispania aliyezitazama nyuzi zake mwenyewe mwaka 1854 kwa kioo kidogo cha meno na mwanga wa jua, akawasilisha uchunguzi wake London mwaka uliofuata. Kioo cha García bado kinafaa katika kliniki isiyo na vifaa, ingawa siku hizi daktari wa masikio, pua na koo hupitisha kamera nyembamba inayonyumbuka puani, bila nusukaputi, akaona nyuzi mgonjwa anaposema, anapokohoa na anapovuta pumzi. Kwa kuziona hubainisha pia kama ni saratani ya zoloto lenyewe, au ni kiungo cha kigegedu kilichoganda kwa baridi yabisi au kuteguliwa na mpira wa kupumulia, hali inayofanana na kupooza ilhali neva ni nzima.

Wataalamu wa Marekani, ambao mwongozo wao wa mwaka 2009 uliruhusu kusubiri miezi mitatu kabla ya kulitazama zoloto, waliipunguza subira hiyo hadi wiki nne katika mwongozo wa mwaka 2018, na papo hapo endapo mgonjwa amepasuliwa hivi karibuni, ana uvimbe shingoni, anavuta sigara au anapumua kwa shida. Mwongozo huo unafaa zaidi mahali ambapo mgonjwa hufika baada ya kumaliza duru tatu za viuavijasumu alizonunua duka la dawa, maana viuavijasumu haviponyi neva, na kila duru humpa uvimbe mwezi mwingine wa kukua.

Uzi ukionekana umesimama na chanzo hakijulikani, njia yote ya neva hupigwa picha, kuanzia chini ya fuvu hadi chini ya tao la aota, kwa kipimo cha CT. Picha ya shingo peke yake haitoshi upande wa kushoto, na kosa la kuishia shingoni ni la kusikitisha kwa kuwa neva yenyewe imekwisha kueleza inakopita. Pasipo na CT, eksirei ya kifua, ultrasaundi ya shingo, kipimo cha moyo na makohozi ya kifua kikuu vinaweza kufichua mengi. Kipimo cha umeme wa misuli ya zoloto, kikifanywa ndani ya miezi sita ya mwanzo, husaidia kukisia kama neva itapona.

Matibabu huanza na chanzo, kisha hufuata subira yenye kazi. Neva iliyominywa bila kukatwa inaweza kupona kwa miezi kadhaa hadi mwaka, kwani nyuzi zake huota upya kwa kadiri ya milimita moja kwa siku, na kwa sababu hiyo upasuaji wa kudumu huahirishwa isipokuwa inajulikana kwamba neva imekatika. Wakati huo mtaalamu wa tiba ya usemi humfundisha mgonjwa kutumia pumzi kwa uangalifu, kumeza akiwa ameinamisha kidevu na kutokamua koo. Wataalamu hao ni wachache mno katika ukanda huu, na pengo hilo huumiza zaidi kuliko ukosefu wa mashine, kwa kuwa mazoezi yanayofaa hayahitaji umeme.

Asiyeweza kusubiri, ama kwa kuwa anapaliwa mno ama kwa kuwa kazi yake ni ya sauti, huweza kudungwa kitu kinachousukuma uzi uliopooza uelekee katikati ili mwenzake uufikie. Wazo ni la Wilhelm Brünings wa Ujerumani, aliyedunga nta ya parafini mwaka 1911. Miaka ya 1960 ilileta tefloni, ikasifiwa, kisha ikaachwa baada ya wagonjwa kuota vinundu vigumu miaka mingi baadaye. Leo hutumika jeli zinazoyeyuka baada ya miezi michache, chembechembe za madini ya kalsiamu zinazodumu mwaka mmoja hivi, au mafuta ya mgonjwa mwenyewe yaliyotolewa tumboni. Kwa aliyekwisha kukata tamaa ya kupona, njia ya kudumu ni ile ya Nobuhiko Isshiki wa Japani, aliyoieleza mwaka 1974: dirisha dogo hukatwa kwenye gegedu la shingo na kipande cha silikoni kikachomekwa ili kuusukuma uzi. Hufanywa kwa ganzi, mgonjwa akiwa macho, kwa sababu mpasuaji humwomba ahesabu moja mpaka kumi huku akirekebisha kipande, na sauti yenyewe ndiyo inayomwambia wapi pa kusimama. Kwa watoto na vijana baadhi ya wapasuaji huchagua kuiunganisha neva iliyokufa na neva nyingine ya shingo. Uzi hausogei tena, ila msuli hupata uhai, haunyauki, na sauti huimarika baada ya miezi.

Nyuzi mbili zilizopooza huleta uamuzi mgumu zaidi, kwa kuwa kila kinachopanua njia ya pumzi hupunguza sauti. Katika dharura hutobolewa tundu shingoni chini ya zoloto na kuwekwa mrija, na mgonjwa hupumua mara moja. Wengi hujifunza kuziba mrija kwa kidole ili waseme, na baadhi huridhika nao maisha yote kuliko kuibadilisha sauti yao. Wanaotaka kuondolewa mrija hukatwa sehemu ya nyuma ya uzi mmoja kwa leza, njia iliyoenea tangu mwaka 1989, au huvutwa uzi huo pembeni kwa mshono. Mpasuaji mzoefu hukata kidogo mara ya kwanza, akamwambia mgonjwa mapema kwamba huenda akarudi mezani, kwa sababu mwanya usiotosha unaweza kupanuliwa mwezi ujao, ilhali uzi uliokatwa kupita kiasi humwachia mnong’ono na maji yanayoingia mapafuni, na hakuna upasuaji unaoweza kuurudisha kama ulivyokuwa.